Kioo Kimoja cha Dirisha

Kutoka Ohio nilikibeba ndani ya mfarishi wa mama,
kati ya pamba na mbegu za maboga:
kipande cha kioo, urefu wa mkono hadi kiwiko.
Kila gurudumu lilipozama topeni
Alvah aliwaulizia maksai,
mimi nilikiulizia kioo.

Nebraska hapakuwa na mti hata wa kumfungia farasi.
Tuliikata ardhi kama mtu anavyokata mkate,
mabonge yenye mizizi yake, yenye minyoo yake,
tukayapanga kichwa chini miguu juu
hata kuta zikafika kifuani, zikatupita kimo,
kisha tukaingia tukaishi ndani ya kitu
ambacho jana tulikikanyaga.

Kioo tulikiweka upande wa kusini.
"Sasa ni nyumba," Alvah akasema.
Sikumjibu. Nilikuwa nikitema mchanga.

Nikuandikie nini, dada, usichodhani natia chumvi?
Mvua ikinyesha nje siku moja
ndani hunyesha tatu.
Nimekanda unga chini ya mwavuli.
Mwezi wa Juni nyoka alidondoka kutoka darini
kando ya bakuli la Lettie,
na Lettie akamnyoshea kijiko, ale.
Kuni zetu ni mavi makavu ya nyati ambao hawapo tena.
Mwanzo niliyaokota kwa kitambaa,
baadaye kwa pindo la aproni,
sasa nayatia jikoni kwa mkono, najikung'uta,
narudia unga.

Nzige walikuja Jumatano. Tulidhani wingu.
Kuku walikwenda kulala saa nane mchana.
Walikula mahindi, wakala mpini wa jembe
pale jasho la Alvah lilipokuwa limekolea,
wakala vitunguu wakivifuata chini ya udongo
wakaacha mashimo ya mviringo, yananuka vitunguu.
Gauni langu la kijani lilikuwa kambani.
Nilikuta vifungo.

Januari, ile tufani ya theluji,
kamba ilitoka mlangoni hadi zizini,
na asiyeishika kamba alipotea uani mwake.
Lettie alikuwa na homa.
Brita Åkerlund, anayejua dawa, yuko maili nne;
siku zile maili nne hazikuwepo.
Nilikwangua jalidi kwenye kioo kwa kijiko kile kile
nione kama kuna mtu anayekuja.
Kulikuwa na weupe.
Nilikwangua tena.

Ardhi tuliyoikata kama mkate
ilikataa sururu hadi Machi.
Mfarishi wa mama, usiniulize uko wapi.

Oktoba, Wapawnee walipita wakihamishiwa kusini,
na mbwa wao, na wagonjwa wao migongoni mwa farasi.
Mwanamke mmoja alitoka kwenye mstari,
akaja dirishani, akaweka viganja kando ya macho,
akachungulia.
Mimi nilikuwa mezani, namenya boga,
kisu mkononi. Sikukiweka chini.
Sijui alitafuta nini. Labda mafiga yake
yalikuwa pale kilipo kitanda changu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
sisi hatukungoja kupewa,
tulishuka garini nalo.

Aliita jina, si langu, mtoto akamjia,
wakaenda. Kwenye kioo ulibaki ukungu wa pumzi
na alama za viganja viwili.
Tangu siku ile nimekifuta mara nyingi, upande wa ndani.
Upande wa nje nimeiachia mvua.

Alvah anasema tukivuna atanunua kioo cha pili,
cha kaskazini, tuone wanaokuja.
Nimemwambia angoje.
Niletee mbegu za vitunguu, dada, ukipata wa kumpa,
na sindano. Kubwa, za kushona magunia.
Vifungo ninavyo.